Skwota maana yake nini hasa?

Watu wakisikia skwota wanafikiria mtu aliyevamia shamba la mwenyewe, na huku Malindi utaskia hata vijana wa Kigiriama wakisema "sisi maskwota" utadhani ni kabila. Si hivyo jamani. Skwota ni mtu anayekaa na kulima ardhi ambayo kisheria imeandikwa jina la mwengine au la serikali, ata kama babu yake kazikwa hapo hapo. Shika hilo neno kisheria, manake shida yote imeanzia kwa karatasi.

1908 Waingereza walileta sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa pwani wa maili kumi za Sultani wa Zanzibar, kila mtu aende adai shamba lake aandikishwe. Sasa ardhi ya Mgiriama ni ya mbari, nani atasimama aseme hii yangu peke yangu? Kwahiyo waliojua mambo ya ofisi wakaandikisha, na iliyokosa mdai ikawa ya mfalme wa Uingereza. Juu yake kodi ya nyumba, na serikali ikataka vijana waende kwa mashamba ya wazungu. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani, akakataa, 1913 akakamatwa akapelekwa mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. 1914 Waingereza wakailipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya ikiwa ni makao matakatifu ya Wagiriama msituni, na watu waliokua ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki wakafukuzwa.

Kaya ndo ilikua pahali pa kula kiapo, wazee kukata kesi, kuombea mvua. Sasa mzee wa kaya akawekewa juu yake mkubwa wa kijiji aliyechaguliwa na serikali. Halafu ukihama makaburi huhami nayo, na vigango, zile nguzo wanazochongewa wazee waliokufa, havihamishwi ovyo, vinabaki pale na mwenye shamba mpya hajui ni vya nani.

Kitu kinachoniuma zaidi mimi ni miti. Skwota anaruhusiwa mahindi na mihogo, lakini mnazi au mwembe mara nyingi anakatazwa, kwa sababu mti wa kudumu ni ushahidi kwamba umekaa. Na kwa Wagiriama bila tembo la mnazi, ile pombe ya mnazi, posa haiendi, matanga hayaendi, kwahiyo baba anaoza mtoto kwa tembo la kununua. Na nyumba ni hivyo hivyo, utaambiwa jenga ya udongo na makuti tu, ya mawe hapana, ndo hii tunayoita nyumba bila ardhi: kuta zako, chini si kwako.