Bili ya maji imepanda? Anzia chooni

Ukiishi Mwanza ni rahisi kuona hakuna haja ya kubana maji, maana Ziwa Victoria unaliona ukiwa mlangoni kwako. Ila maji ya bombani yamesafiri. Yamevutwa Capri Point au Butimba, yakachujwa na kutiwa dawa, kisha pampu za umeme zikayapandisha kwenye matangi ya milimani. Unapolipa bili, unalipia safari hiyo.

Mteja akilalamika bili imeruka ghafla, mimi huanzia chooni. Tangi la flashi huweza kuvuja usiku kucha bila sauti. Tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi, kisha usiflashi kwa nusu saa. Ukiikuta rangi kwenye sinki la choo, mpira wa ndani ya tangi umechoka. Mwite fundi bomba aubadilishe; ni kazi ndogo.

Angalia na ukubwa wa tangi. Matangi mengi ya zamani humwaga lita 9 hadi 13 kila flashi, ya kisasa hutumia lita 6, na yenye vitufe viwili hutoa lita 3 kwa haja ndogo. Chukua familia ya watu sita, kila mmoja akiflashi mara nne kwa siku. Kutoka lita 12 kwenda 6 wanaokoa lita 144 kila siku, yaani zaidi ya uniti nne kwa mwezi. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20!

Usilisahau simtanki. Usiku matumizi mtaani hupungua na presha hupanda, hivyo boya bovu (boya ndilo hufunga maji tangi likijaa) humwaga maji wakati wote mmelala. Ukuta wenye unyevu asubuhi chini ya simtanki ni dalili tosha.

Koki inayodondosha tone kila sekunde hupoteza karibu ndoo nzima kwa siku, na mara nyingi tatizo ni washa tu, yaani kile kipete cha mpira ndani ya koki. Ukinunua mashine ya kufulia, ya mlango wa mbele kwa kawaida hutumia maji machache kuliko ya kufungulia juu.

Kama fedha ya choo kipya haijapatikana, jaza maji chupa ya lita moja na nusu, ifunge, uitumbukize ndani ya tangi mbali na boya. Kwa familia ile ya watu sita, hizo ni lita 36 zinazookolewa kila siku, maana kila flashi inapungua lita moja na nusu.