Acheni kuwaambia watu wavute pumzi ndefu

Nimeisikia tena juzi, na safari hii kutoka kwa mtu aliyesomea afya: "Shambulio la hofu likija, yaani ile hofu kali inayomvamia mtu ghafla, vuta pumzi ndefu, uingize oksijeni." Nimeijibu ana kwa ana mara nyingi kiasi kwamba wenzangu kazini hutoka chumbani nikianza. Basi naiandika, nipumzishe koo.

Mwenye shambulio la hofu hana upungufu wa oksijeni. Mpime kwa kile kifaa cha kubana kidole, kwa kawaida utakuta asilimia 97, 98, 99. Kilichopungua ni hewa ya ukaa. Anahema kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya ukaa inatoka haraka kuliko inavyotengenezwa, damu inaegemea upande wa alkali, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana. Hapo ndipo kinapoanza kizunguzungu na ile hali ya kuiona dunia kama si ya kweli. Kalsiamu iliyo huru kwenye damu nayo inashuka, neva zinachachamaa, midomo na vidole vinafa ganzi. Wengine vidole hukakamaa kabisa, wakadhani wamepata kiharusi. Tena hewa ya ukaa ikishuka, himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, huing'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia mwilini. Mwanasayansi Christian Bohr alilieleza hilo mwaka 1904. Kwa hiyo mtu anahema na kuhema, na bado anahisi hewa haimtoshi. Halafu unakuja wewe kumwambia aongeze.

Jaribu mwenyewe: jaza mapafu mpaka mwisho, kisha bila kutoa chochote ujaribu kuvuta tena. Kule kubanwa kifua unakokusikia kunafanana sana na anakokulalamikia.

Kama ni lazima useme kitu kuhusu pumzi, sema "toa". Atoe polepole, midomo ikiwa imebanwa kidogo, asubiri, kisha aiache iingie yenyewe kwa pua, ndogo, ya kawaida. Ndogo, narudia. Watu wakisikia "polepole" wanafanya "kubwa", na anayevuta pumzi kubwa mara 8 kwa dakika anaweza kupoteza hewa ya ukaa sawasawa na anayevuta za kawaida mara 20. Wakufunzi wengi wanahesabu idadi na kusahau ujazo. Zile programu za simu zenye duara linalopanuka na kusinyaa ndizo zinazonimaliza kabisa: duara likipanuka, mtu naye anajijaza mpaka mabega yanagusa masikio.

Na mfuko wa karatasi? Hapana. Ni kweli unairudisha hewa ya ukaa uliyoitoa, lakini oksijeni ndani ya mfuko nayo inashuka, na kama ulichodhani ni hofu kumbe ni moyo au pumu, umemnyima mgonjwa kitu alichokihitaji kuliko vyote. Mwaka 1989 jarida moja la tiba ya dharura lilichapisha visa vya watu waliokufa hivyo. Mifuko ibaki ya kubebea vitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vyetu sisi tunaotibu hofu hulipita mbio. Sina hakika kwamba pumzi ndiyo inayotibu, hata ikifanywa barabara. Mwaka 2000 mtafiti Norman Schmidt na wenzake walilinganisha tiba ya hofu yenye mafunzo ya kupumua na tiba isiyo nayo, wakakuta mafunzo hayo hayakuongeza faida. Kwa upande mwingine, mtafiti mwingine, Alicia Meuret, na wenzake wamewafundisha wagonjwa kuipandisha hewa ya ukaa huku wakiiona kwenye kipimo, na wagonjwa wakapata nafuu. Mimi nimekaa katikati, na si mahali pa raha.

Kuna linalovuruga zaidi. Mwenye mashambulizi haya ukimpa hewa yenye asilimia 35 ya hewa ya ukaa avute mara moja tu, kuna uwezekano mkubwa apate shambulio palepale. Yaani ikishuka balaa, ikipanda balaa. Mwaka 2013 iliripotiwa kwamba hata mwanamke anayejulikana kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake zote mbili, sehemu za ubongo zinazohusishwa na hofu, zimeharibika na ambaye nyoka wala filamu za kutisha hazimshtui, alipatwa na hofu kali alipovuta hewa hiyo. Anayewaambia kwamba hofu yote inakaa kwenye amigdala, mwelekezeni kwa S.M.

Ninachoamini kwa sasa ni kwamba tatizo linaendeshwa na tafsiri, kama mwanasaikolojia David Clark alivyopendekeza mwaka 1986. Moyo unadunda, mtu anajiambia "nakufa", adrenalini inamwagika, moyo unadunda zaidi. Zoezi la pumzi linafaa pale linapomwonyesha kwamba dalili zake zina sababu isiyoua. Linadhuru likigeuka hirizi: "Nisingehesabu pumzi ningekufa." Mtu huyo ameshanusurika mashambulizi chungu nzima na hajajifunza lolote, kwa sababu kila mara shukrani zinakwenda kwa hirizi. Ni vilevile kwa chupa ya maji isiyotoka mkononi na kiti kilicho karibu na mlango.

Ndiyo maana kazini kwangu tunafanya kinyume. Nawazungusha watu kwenye kiti, nawapa mrija mwembamba wapumulie, nawahemesha makusudi kwa dakika nzima. Si kila mtu: kwanza daktari aukague moyo na mapafu, na mwenye kifafa au mjamzito simgusi kwa mazoezi haya. Sitaki watulie. Nataka dalili zije, wasifanye lolote, wazione zikiondoka. Shambulio kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka, umelishughulikia au hukulishughulikia. Wiki za mwanzo wateja hunichukia, nami siwalaumu.

Mengine haraka haraka. Hutazimia: kuzimia kunataka presha ishuke, na katika hofu presha hupanda, walio tofauti ni wale wanaoogopa damu na sindano. Mashambulizi ya usiku yapo, humwamsha mtu bila hata ndoto mbaya. Tezi ya thairoidi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mapigo ya moyo yaliyoparaganyika na kahawa nyingi vinaweza kuigiza hofu vizuri sana. Na kama ni mara yako ya kwanza kuumwa kifua, hasa maumivu yakipanda kwenye taya au mkono, nenda hospitali sasa hivi, haya utayasoma ukirudi.

Dawa je? Za kundi la SSRI, zinazotumika pia kwa sonona, zinasaidia, ila zinachukua wiki kadhaa na mwanzoni zinaweza kuongeza wasiwasi, kwa hiyo huanzwa na dozi ndogo. Benzodiazepini, zile dawa za kutuliza kama Valium, hutuliza upesi, lakini mwili huzizoea, na mtu huamini kidonge ndicho kilichomwokoa ilhali shambulio mara nyingi limeshaanza kushuka kabla hakijafika kwenye damu. Nina wateja wanaotembea na kidonge kimoja kwenye pochi mpaka kimeisha muda wake, hawajawahi kukimeza. Nikishawazoea huwauliza kama kesho wanaweza kukiacha nyumbani, na jibu lao hunieleza tulikofika kuliko dodoso lolote ninalowajazisha.