Bodoni: nguzo nene, uzi mwembamba

Bodoni ni fonti, yaani aina ya herufi za kuchapia, iliyotokana na kazi ya Giambattista Bodoni (1740–1813), mchapaji wa Kiitalia. Kuitambua si kazi. Tazama O kubwa: ubavuni imenenepa, juu na chini imekonda mpaka inakaribia kukatika. Kisha tazama I. Ni nguzo nene iliyosimama juu ya kistari chembamba kama uzi. Kistari hicho ndicho serifu. Kwenye Times New Roman serifu huungana na nguzo kwa mkunjo, mithili ya shina la mti linavyotanuka likikaribia ardhi. Kwenye Bodoni hakuna mkunjo. Nguzo inakutana na uzi kwa pembe mraba, basi.

Mwaka 1768 Bodoni aliitwa Parma, mji wa Italia, kuongoza kiwanda cha chapa cha mtawala wa huko. Mwanzoni alifuata herufi za Mfaransa Fournier, mchongaji wa herufi, kisha mwaka hadi mwaka akazidi kukondesha mistari myembamba. Jijini Paris, ukoo wa wachapaji wa Didot ulikuwa ukielekea huko huko. Karatasi nayo ilikuwa imebadilika: mchapaji Mwingereza Baskerville alikwisha onyesha kwamba karatasi laini hupokea mstari ambao karatasi ya mikwaruzo ingeumeza.

Uzuri wa Bodoni uko kwenye huo uzi, na udhaifu wake uko hapo hapo. Ikiwa kubwa, juu ya jalada la gazeti la mitindo au chupa ya manukato, inavutia kwa utulivu wake wa kitajiri. (Jina la Vogue, gazeti la mitindo, limeandikwa kwa herufi za jamii hiyo hiyo, upande wa Didot.) Ikiwa ndogo, uzi unapotea na nguzo zinabaki peke yake. Kiswahili chetu kinaumia zaidi, kwa sababu kimejaa m, n, u na i. Andika “mnunuzi” au “tumeumia” kwa Bodoni ndogo, uone: ni uzio wa miti myeusi.

Niliwahi kuitumia kwenye kadi ya mchango wa harusi, maandishi meupe juu ya rangi ya zambarau. Kwenye kompyuta ilipendeza mno. Kadi zilipochapwa, wino ulitanuka ukala nyuzi zote, na shangazi mmoja akauliza ukumbi uko wapi huku kadi ameishika mkononi.

Bodoni mwenyewe alichonga saizi nyingi, na kwenye zile ndogo hakukondesha mistari kiasi hicho. Ndiyo maana ITC Bodoni, toleo la miaka ya 1990 la kampuni ya fonti ya ITC, ilitoka kwa maumbo matatu, la pointi 6, la 12 na la 72, kila moja kwa ukubwa wake. Bodoni MT tunayoikuta ndani ya Microsoft Office haina mgawanyo huo. Iweke kwenye jina la bibi na bwana harusi, liwe kubwa. Tarehe, ukumbi na namba ya simu zitafutie fonti nyingine.