"Sisaini na mtu" si uhuru, msanii

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, wasanii wa Mtwara hupata watu wa kuwalipia studio: mjomba aliyeuza vizuri mnadani Tandahimba, au mwenye baa pale Chikongola. Na kila msimu nasikia kauli ile ile: "Sisaini karatasi yoyote, nataka kubaki huru." Imenichosha, kwa sababu ndiyo inayowapokonya kazi zao.

Usiposaini, masharti anapanga mwenye fedha, na anayabadilisha atakavyo. Wimbo una haki mbili: utunzi, yaani mashairi na melodi, na rekodi iliyotoka studio. Aliyegharamia anaweza kuwa na dai kwenye rekodi, lakini hilo halimpi utunzi wako. Bila maandishi, haki hizi mbili hukorogwa zikawa kitu kimoja, na anayeumia ni mtunzi.

Angalia chaneli ya YouTube. Prodyuza anakufungulia kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, kwa nia njema kabisa. Siku mkitofautiana, paswedi anayo yeye, watazamaji wanabaki kwake, nawe unaanza upya na chaneli tupu. Kifungu kimoja kingetosha: chaneli na barua pepe ni za msanii, prodyuza ana ruhusa ya kupandisha kazi tu. Nakusihi, kabla hujauliza utapewa shilingi ngapi, uliza paswedi atashika nani.

Wengine wanaona fedha ya kuanzia ni zawadi. Mara nyingi hukatwa kwenye mgao wako. Ukipokea milioni 2 na mgao wako ni asilimia 20, nyimbo lazima ziingize milioni 10 kwanza ndipo uanze kulipwa. Gharama za video zikiingizwa kwenye deni hilo, utangoja zaidi. Ukikuta kifungu kinachomruhusu mwekezaji kuongeza muda wa mkataba peke yake, kikatae hicho kifungu. Fedha haina kosa.

Eti bila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, huna hakimiliki? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Sajili hata hivyo, upate ushahidi.

Waandishi nao huogopa kwamba mhariri akigusa muswada, kitabu si chao tena. Kusahihishwa hakuhamishi haki. Dai uoneshwe prufu, yaani nakala ya kukagua, kabla ya kuchapwa, basi.

Na wachezaji wa vyuo wanaodhani mdhamini aliyewanunulia jezi ana sauti kwenye kikosi: hana, mpaka mumpe wenyewe. Hata Marekani, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliporuhusu Julai 2021 wanafunzi walipwe kwa majina na sura zao, haikuruhusu walipwe kwa kucheza. Mwandikieni mdhamini wenu: nembo yake inakaa kifuani, kikosi anapanga kocha.