Kuigawa kampuni siyo kuvunja ukiritimba wake

Nimeshasikia mara nyingi mno, hapa Lubumbashi, hata kwa mawakili wenzangu: Marekani ilikuwa na dawa ya ukiritimba wa Microsoft, kampuni ya programu za kompyuta, ikaogopa kuitumia. Dawa yenyewe eti ni kuikata vipande viwili.

Jaji Thomas Penfield Jackson, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, aliamuru hivyo Juni 2000: kampuni moja ibaki na Windows, mfumo endeshi unaowezesha kompyuta kufanya kazi, ya pili ichukue Office, programu za kazi za ofisini, na programu nyingine. Haya, niambieni: baada ya hapo nani angeuza mfumo endeshi wa kushindana na Windows? Ukitenganisha mgodi wa shaba na reli inayoisafirisha, mgodi unabaki mmoja na mwenye mgodi ni yule yule. Nguvu ya Windows ilitoka kwingine. Waandishi wa programu hufuata mfumo wenye watumiaji wengi. Watumiaji nao hufuata mfumo wenye programu nyingi. Mzunguko huo ungehamia mzima mzima kwenye kampuni ya kwanza.

Waliotaka mgawanyo walikuwa na hoja nzito: mwenye Office, akiwa hana tena Windows ya kulinda, angevutiwa kuiandikia Linux, mfumo endeshi unaoshindana na Windows. Je, angefanya? Nimelifikiria miaka mingi na bado sijaridhika. Pengine angehesabu wateja wake akabaki alipo.

Mfano wa Standard Oil, kampuni ya mafuta iliyovunjwa na mahakama ya Marekani 1911, msiniletee. Ile iliundwa kwa kuunganisha kampuni nyingi, kwa hiyo mishono ilionekana. Microsoft ilikua ikiwa kampuni moja.

Juni 2001 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, lakini ikafuta mgawanyo. Wengi hukumbuka tu kwamba jaji alizungumza na waandishi wa habari kisirisiri. Wanaruka kiini: Jackson hakusikiliza ushahidi kuhusu dawa, na majaji wa rufaa walitaka uhusiano ulio wazi kati ya kosa na nguvu ya kampuni sokoni kabla ya kuipasua. Kumkandamiza Netscape, mshindani aliyetengeneza kivinjari cha intaneti, lilikuwa kosa. Je, bila kosa hilo Windows ingeanguka? Hakuna aliyethibitisha.

Masharti ya kufungua violesura vya Windows (njia ambazo programu nyingine huunganishwa nayo) kwa washindani, yaliyoidhinishwa 2002, yalidumu hadi 2011. Yalikuwa ya polepole, nakubali, ila angalau yaligusa ule mzunguko. Septemba 2025 Jaji Amit Mehta naye, katika kesi ya ukiritimba wa Google kwenye utafutaji wa intaneti, alikataa kuilazimisha kampuni hiyo iuze kivinjari chake cha Chrome, akaagiza baadhi ya data za utafutaji zigawiwe washindani. Wanaolia kwamba ameogopa wasome kwanza hukumu ya 2001.