Taji Halimfanyi Mtu Mfalme: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli kuhusu Kutawazwa Uingereza

Ukifika Nyeri ukataja jina la Malkia Elizabeth, hutakosa wa kukusimulia kwamba alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia. Simulizi ni tamu, na kiini chake ni kweli. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952, Elizabeth na mumewe Philip walilala Treetops, ile hoteli iliyojengwa juu ya mugumo katika msitu wa Aberdare, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huohuo, kule Sandringham, baba yake George wa Sita alifariki usingizini. Ila pale mtini hakuna aliyejua lolote. Elizabeth alishuka asubuhi, akarudi Sagana kwenye nyumba aliyopewa na koloni ya Kenya kuwa zawadi ya harusi, na habari ilimfikia alasiri kutoka kinywani mwa mumewe. Akaondoka kwa ndege kutoka Nanyuki hadi Entebbe, mvua ya radi ikamzuia hapo kwa saa kadhaa, ndipo akaendelea na safari ya London.

Chumvi huongezwa pale msimulizi anaposema kwamba alivishwa taji hukuhuku Kenya. Taji alilivaa London tarehe 2 Juni 1953, karibu miezi 16 baadaye. Kosa hili ni rahisi kulifanya, kwa sababu tukisema fulani ametawazwa, wengi wetu tunaelewa kwamba utawala wake ndio umeanza. Waingereza hawahesabu hivyo.

"Mpaka avishwe taji ndipo awe mfalme"

La hasha. Anayetawala akikata roho, mrithi ni mfalme dakika ileile. Charles wa Tatu alianza kutawala tarehe 8 Septemba 2022, mama yake alipofariki Balmoral, na taji akalivaa tarehe 6 Mei 2023. Kati ya siku hizo mbili hakuwa mfalme mtarajiwa. Oktoba 2022 alimwita Rishi Sunak akamkabidhi kazi ya uwaziri mkuu, na taji la kutawazia bado lilikuwa limefungiwa Tower of London, ngome inamohifadhiwa vito vya ufalme.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Edward wa Nane. Alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akaacha kiti ili amuoe mwanamke aliyempenda, na taji halikumgusa kichwani hata siku moja. Bado anahesabiwa katika orodha ya wafalme, na ndiyo maana mfalme wa baadaye yeyote mwenye jina hilo atakuwa Edward wa Tisa. Siku ya kumtawaza ilikwisha kupangwa, tarehe 12 Mei 1937, na vikombe vya ukumbusho vyenye sura yake vilikwisha kutengenezwa. Tarehe haikubadilishwa. Alibadilishwa mfalme tu: akatawazwa mdogo wake, huyo George wa Sita.

Basi kama si taji, sherehe ni ya nini? Ni kiapo na mafuta. Kiapo kinadaiwa na sheria iliyopitishwa baada ya mapinduzi ya 1688, na mafuta yanadaiwa na dini. Nchi nyingine za Ulaya zenye wafalme, kama Uholanzi, Denmark na Hispania, zimebaki na viapo au matangazo peke yake, hazimvishi mtu taji. Uingereza ndiyo iliyobaki na ibada nzima.

"Kilele ni pale taji linapotua kichwani"

Hapo ndipo mizinga inapopigwa na kengele zikalia, kwa hiyo huwezi kumlaumu mtazamaji. Lakini waulize makasisi wa Westminster Abbey, kanisa la London wanamotawaziwa wafalme, watakwambia kilele kimekwisha kupita, na wewe hukukiona. Mwaka 1953 kamera za televisheni ziliruhusiwa kanisani, na zaidi ya watu milioni 20 Uingereza walikaa mbele ya sanduku hilo geni, wengi kwa mara ya kwanza maishani mwao. Ilipofika zamu ya kupaka mafuta, kamera zikaangalia pembeni. Elizabeth alivua vito na joho, akabaki na gauni jeupe la kawaida, akaketi chini ya kitambaa kilichoshikwa na watu wanne, na Askofu Mkuu wa Canterbury akampaka mikononi, kifuani na kichwani.

Mwaka 2023 walitumia mapazia ya kusimama. La mbele lilitariziwa mti wenye majani 56, kila jani jina la nchi mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo. Nyuma ya mti huo Charles alikuwa amevuliwa mavazi yote ya fahari, amebaki na shati jeupe.

Mafuta yenyewe yana habari zake, na mtu wa pwani atazielewa kwa pua. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa na ambari, ile itokayo tumboni mwa nyangumi, na zabadi ya ngawa. Bomu la Wajerumani liliharibu akiba yake mwaka 1941, ikabidi yachanganywe mengine kwa ajili ya Elizabeth. Ya Charles hayana kitu cha mnyama ndani yake: zeituni za Mlima wa Mizeituni, Yerusalemu, zilizotiwa ufuta, waridi, asmini, mdalasini na maua ya mchungwa. Bila yale maombi, ungesema ni matayarisho ya bibi harusi Lamu. Baadhi ya zeituni hizo zilichumwa kwenye monasteri ya Maria Magdalena, alikozikwa bibi yake Charles mzaa baba, na mafuta yakabarikiwa katika Kanisa la Kaburi Takatifu.

Wakati wa kupaka, kwaya huimba habari ya kuhani Sadoki alivyomtia Sulemani mafuta, kama ilivyo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Maneno hayo yamekuwa yakitumika tangu Mfalme Edgar alipotawazwa Bath mwaka 973. Muziki ni wa Handel, Mjerumani aliyepewa uraia wa Uingereza mwaka 1727, mwaka uleule alioutunga kwa ajili ya George wa Pili. Shabiki wa mpira anaujua bila kujua kwamba anaujua: wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya ulitengenezwa kwa kuufuata.

"Vile vitu vyote vina miaka elfu"

Maneno ndiyo ya kale. Vyombo ni vipya kuliko yanavyodai majina yake. Taji la kutawazia linaitwa la Mtakatifu Edward, na huyo alifariki mwaka 1066, lakini lilifuliwa mwaka 1661. Yale ya zamani yaliyeyushwa au kuuzwa baada ya Bunge kumkata kichwa Charles wa Kwanza mwaka 1649. Mwanawe aliporudi na ufalme, alikuta kabati tupu, akaagiza vipya.

Kilichosalia cha enzi za kale ni kijiko. Kijiko cha fedha kilichopakwa dhahabu, cha karne ya 12, ambacho mtumishi mmoja wa stoo za kifalme aliyeitwa Clement Kynnersley alikinunua kwa shilingi 16 kwenye mnada wa vitu hivyo, akakirudisha ufalme uliporudi. Ndicho kinachomiminiwa mafuta hadi leo. Mimi nikipewa nafasi ya kukaa Tower of London saa nzima mbele ya kabati moja, nitakwenda kwenye kijiko.

Hata hilo taji la 1661 halikuvaliwa na kila mmoja. Lina uzito wa kilo 2.2 hivi, na kwa zaidi ya miaka 200 wafalme walivishwa mengine mepesi, mpaka George wa Tano alipolirudia mwaka 1911. Na kabla ya mwaka huo lilikuwa fremu tu: vito vilikodiwa kwa ajili ya siku yenyewe, kisha vikarudishwa kwa wenyewe. Naam, almasi za kukodi, kama viti vya harusi.

Taji unaloliona kwenye picha za ufunguzi wa Bunge ni jingine, la mwaka 1937, lina zaidi ya kilo moja kidogo. Lile jiwe lake jekundu maarufu linaloitwa rubi, wataalamu wa madini wamekwisha kuthibitisha kwamba si rubi, ni spineli, jiwe jingine linalofanana nayo.

"Koh-i-Noor imo kwenye taji la mfalme"

Almasi hii maarufu kutoka India haijawahi kutiwa kwenye taji la mfalme wa Uingereza. Ilichukuliwa Punjab mwaka 1849 kutoka kwa Duleep Singh, maharaja aliyekuwa bado mtoto. Tangu 1902 imekuwa ikitiwa kwenye mataji ya wake wa wafalme. Camilla hakuitumia mwaka 2023, na kwa kelele zilizokuwa zikitoka India sidhani kama kuna aliyeshangaa.

Huku Afrika tuna la kwetu. Almasi ya Cullinan ilichimbwa Transvaal, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1905, karati 3,106, kubwa kama ngumi. Serikali ya huko iliinunua ikampa Edward wa Saba mwaka 1907. Inasimuliwa kwamba sanduku la kuzugia lilisafirishwa melini likiwa na walinzi, huku almasi yenyewe ikipelekwa kwa posta kama kifurushi cha kawaida. Kipande kikubwa kuliko vyote, karati 530, kimo kwenye fimbo ya enzi, na cha pili kiko mbele ya lile taji la Bunge. Zawadi, ndiyo, ila waliopiga kura ya kuitoa walikuwa wabunge wa kizungu. Waliozaliwa juu ya ardhi hiyo hawakuwa na kura.

"Akitawazwa huko, ni mfalme wetu pia"

Charles ni mkuu wa Jumuiya ya Madola, na cheo hicho hakirithiwi. Viongozi wa nchi wanachama walikubaliana mwaka 2018 kwamba atamfuata mama yake. Si mfalme wa Kenya wala wa Tanzania. Elizabeth ndiye aliyewahi kuwa malkia wa nchi hizi zikiwa huru, kwa mwaka mmoja mmoja: Tanganyika kuanzia Desemba 1961 hadi Desemba 1962, Uganda 1962 hadi 1963, na Kenya 1963 hadi 1964. Zanzibar haikuwa na malkia huyo hata siku moja, ilikuwa na sultani wake.

Kiapo cha 1953 kinaeleza mengi kuhusu tulivyohesabiwa. Elizabeth aliapa kuwatawala kwa mujibu wa sheria na desturi zao watu wa Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Pakistan na Ceylon (Sri Lanka ya leo), zikitajwa moja moja. Kenya ilikuwa ndani ya neno moja lililofuata: milki. Siku hiyo hali ya hatari ilikuwa na miezi saba Kenya, na Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria mwezi Aprili. Mwaka uliofuata wapiganaji wa Mau Mau waliichoma moto Treetops.

"Waingereza hawakosei sherehe"

Sifa hii ni ya juzi. Wakati wa George wa Tatu mwaka 1761, upanga wa dola ulisahauliwa. Mfalme alipolalamika, ofisa aliyehusika akamwahidi kwamba kutawazwa kutakakofuata kutapangwa vizuri zaidi, yaani mfalme akishakufa. Bahati yake, George alicheka.

Victoria, mwaka 1838, alikaa kanisani karibu saa tano. Pete ilipimwa kidole kidogo, askofu mkuu akaisukumiza kwenye kidole cha kando yake, ikatoka baadaye kwa shida na maji ya barafu. Mzee mmoja wa zaidi ya miaka 80, Lord Rolle, alijikwaa akijaribu kupanda ngazi kutoa heshima, akabiringika hadi chini. Askofu mwingine alifunua kurasa mbili kwa pamoja, akamwambia malkia ibada imekwisha, na ikabidi arudishwe. Edward wa Saba naye aliugua kidole tumbo, akapasuliwa siku mbili kabla ya sherehe ya Juni 1902, na vyakula vya karamu vikaishia kwa maskini wa mashariki ya London. Alipotawazwa Agosti, askofu mkuu aliyekuwa mzee asiyeona vizuri alimvika taji nyuma mbele.

Huu utaratibu wa kwenda kama saa ulikuja na mazoezi marefu, hasa baada ya kamera kuingia. Mwaka 1953 Duchess wa Norfolk alisimama mahali pa malkia mazoezini, akipita njia ileile tena na tena.

Mawili ya harakaharaka. Gari la dhahabu la mwaka 1762 si la dhahabu: ni mbao zilizopakwa dhahabu, tani nne zinazovutwa na farasi wanane. Na mke wa mfalme huvishwa taji, lakini mume wa malkia havishwi. Philip alipiga magoti mbele ya mkewe akaapa utii kama wengine.

"Kiti kile hakiguswi na mtu"

Kiti cha kutawazia kilitengenezwa kwa amri ya Edward wa Kwanza yapata mwaka 1300, ili kibebe jiwe alilowanyang'anya Waskoti mwaka 1296. Wanafunzi wa Kiskoti waliliiba jiwe hilo Krismasi ya 1950, likavunjika vipande viwili mikononi mwao. Serikali ililirudisha rasmi Scotland mwaka 1996, na siku hizi huja London kwa kutawaza tu, kisha linarudi kwao.

Kiti chenyewe kilikaa karne nyingi bila ulinzi wa maana. Mwaka 1914 bomu lililotegwa na wanaharakati wa haki ya wanawake ya kupiga kura lilikivunja kipembe. Kabla ya hapo wanafunzi wa shule ya jirani na wageni walikuwa wamekichokora kwa visu, wakachonga majina yao kila mahali. Kwenye ubao wa kukalia, pale alipoketi Charles mwaka 2023, bado panasomeka kwamba P. Abbott alilala katika kiti hiki tarehe 5 na 6 Julai 1800.