Dhana potofu kuhusu kuongea na mgonjwa

Kuna vitu tunarithishana huku vituoni kama sheria na anayeumia ni mgonjwa. Naandikia manesi na madaktari wenzangu, ila hata wewe unayeenda kliniki soma tu.

DHANA: Akiitikia "sawa daktari", ameelewa.
UKWELI: Anaitikia kwa heshima. Mama mtu mzima hawezi kukuambia sijakuelewa wakati foleni imejaa hadi mlangoni. Ukimuuliza "umeelewa?" jibu ni moja tu, so muulize hivi, "mama, nataka nijue kama nimekueleza vizuri, ukifika nyumbani hizi dawa utazimeza vipi?" Hapo ndo utasikia mambo, bahasha imeandikwa 1x3, wewe unajua ni kimoja kila baada ya masaa 8, kumbe yeye kapanga avimeze vyote vitatu asubuhi asije akasahau, au anafuata mlo, siku ambayo hakuna chakula cha mchana na kidonge hamezi.

DHANA: Ukimtajia maudhi ya dawa utamtisha, ataacha.
UKWELI: Anaacha usipomtajia! Chukua TB. Rifampisini, moja ya dawa zake, inageuza mkojo uwe rangi ya chungwa au mwekundu, hata jasho na machozi, na haina shida kabisa, lakini mtu ambaye hajaambiwa anaingia chooni anaona kama damu, anajua figo zimekwisha, anaacha dawa kimya kimya na kurudi kwako anaogopa. Sentensi moja tu ingetosha, "baba, mkojo utabadilika rangi, ni dawa hiyo, usishtuke." Alafu mwambie na cha kuogopa: macho yakiwa ya njano, au unatapika na chakula hakipiti, rudi siku hiyo hiyo. Na mwambie mapema kabisa kwamba wiki chache tu kikohozi kitapungua atajiona mzima, ila matibabu ya kawaida ni miezi 6 kwa sababu wadudu wengine bado wamebaki ndani, wakipata nafasi wanarudi na dawa zinaweza zisiwafanye kitu. Mtu aliyejua hayo siku ya kwanza, akijisikia nafuu hashangai na hadanganyiki.

DHANA: Kumtuliza ni kumwambia "usijali".
UKWELI: Anajali, ndo maana amekuja. Na mtoto usimwambie sindano haiumi, itauma, na kesho hatakuamini wewe wala nesi mwingine yeyote. Mwambie itauma kidogo, tutahesabu pamoja mpaka tano imeisha.

DHANA: Ukimwacha aongee hamalizi.
UKWELI: Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Basel, Uswisi, madaktari waliambiwa wasiwakatize wagonjwa 335 mwanzoni mwa maongezi, na kwa wastani waliongea sekunde 92 tu wakanyamaza wenyewe. Najua foleni zetu ni nyingine, lakini dakika moja na nusu tunaipoteza kutafuta faili.

DHANA: Habari mbaya aambiwe ndugu, mgonjwa atakata tamaa.
UKWELI: Hii inaniuma sana. Mtu mzima mwenye akili zake anaona nyuso zimebadilika, anasikia minong'ono, anajua kuna kitu na amebaki nacho peke yake usiku kucha. Muulize kwanza, majibu yakitoka ungependa nikuambie wewe mwenyewe, au yupo mtu ungependa awepo? Akisema mwite mwanangu, mwite, na muongee mkiwa wote watatu hapo kitandani, sio mwanae mnamvuta koridoni.